Pamba Kidogo Tu

Jumatatu, 15 Desemba

Nimekama. Maziwa nimeyafikisha barabarani. Chai ya pili nimekunywa. Niandike sasa kabla kuku hawajaingia jikoni.

Kwa Kiswahili, hapa Kanyakine hakuna mzee wa kunishinda. Nilisoma mpaka darasa la nane nikapita vizuri, ila karo ikakosekana.

Uongo. Nilifika la nne. La tano nilikaa wiki mbili, mwalimu akaniuliza wingi wa "uso", nikamjibu mtu ana uso mmoja, wa pili ni unafiki. Akanipa kiboko, nikampa mgongo, nikaenda nyumbani moja kwa moja. Daftari ni langu lakini hata humu kudanganya zaidi ya mistari miwili kunachosha.

Ujumbe umeingia nikiwa chini ya ng'ombe. Ni wa Njeru, Mwembu wa Kibugu aliyemwoa Kendi, mtoto wangu wa pekee. Njeru hanipigii simu. Ananiogopa, na mimi sijamkataza. Huniandikia Kiswahili kwa sababu Kiembu na Kimeru ni ndugu, na ndugu hujifanya hawasikiani. Naunakili jinsi ulivyo:

"Baba habari. Tutakuja tarehe 25. Karimi amesema atalala kwa guka kukiwa na Krismasi. Pamba kidogo tu, usijisumbue. Njeru."

Guka ni mimi. Ndivyo Waembu wanavyomwita babu. Karimi ni binti yao wa pili, ana miaka sita, na amebeba jina la marehemu mke wangu, maana kwao msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake. Kwa hiyo namwita mke wangu. Hukasirika, anasema mimi nina meno machache. Dada yake mkubwa ana jina la mama ya Njeru, na sikukuu zote yuko Kibugu kwa huyo nyanya wa jina lake.

Atalala. Neno hilo nimelisoma mara sita.

Tangu tumzike Karimi wa kwanza ni miaka mitatu na nusu, na katika nyumba hii hajalala mtu ila mimi. Kila Krismasi wanafika saa saba, wanakula, Kendi anaweka mkoba mapajani kama mtu anayengoja daktari, na saa kumi wanarudi Kibugu. Huko ndiko wanakolala. Mwaka huu mtoto akilala, wazazi watalala. Hawawezi kuacha mtoto na mzee asiyejua kusuka nywele.

Na wanachoomba ni pamba tu, tena kidogo. Lazima ni sikio la mtoto. Kendi naye utotoni sikio lilimsumbua, mama yake alikuwa akimlaza na pamba. Nitaleta pamba.

Jumanne, 16 Desemba

Nkubu. Kemisti. Msichana wa koti jeupe kaniuliza nataka pamba ya kiasi gani. Nikasema ile kubwa kabisa. Ya nini? Nikasema ya mke wangu, analala nayo masikioni. Ana umri gani? Miaka sita. Aliacha kuandika. Nikamwacha ateseke kidogo ndipo nikasema ni mjukuu. Hakucheka. Vijana wa siku hizi wamefungwa skurubu.

Kurudi, niliiweka pamba kikapuni, vitunguu juu yake. Sikutaka kuiona. Mara ya mwisho pamba kuingia nyumba hii, wanawake walikuwa wamefunga mlango wa chumba chetu, mimi nikiwa nje na kofia mkononi. Naijua kazi waliyoifanya nayo kwa marehemu.

Hii ni ya sikio. Ni tofauti.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimetoa magunia ya mahindi katika chumba cha Kendi cha zamani. Panya mmoja, familia yake yote. Nimewahamisha bila notisi.

Kitanda kiko imara. Nimetandika shuka za maua ambazo marehemu alikuwa akiwekea wageni. Zimekaa sandukuni mpaka zinanuka sabuni ya zamani. Nimetandika mara tatu. Pembe moja inanikataa.

Jirani yangu M'Rukaria alichungulia juu ya ua. Tumetahiriwa mwaka mmoja na tangu siku hiyo hajawahi kunyamaza.

"Unafagia nini, mzee? Umeposa?"

"Mke wangu anakuja."

"Yule wa miaka sita? Chunga, atakuletea wivu." Halafu akaanza kujigamba. Watoto wake wote wanakuja, wajukuu kumi na mmoja, atapika sufuria mbili. Akaniangalia nyumba. "Hapo kwako kumenyamaza kama kanisa Jumatatu."

Nikamwambia kimya ni mali, yeye hana. Lilikuwa jibu zuri. Niliingia ndani nikaketi na jibu langu zuri.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua. Sijaongea na mtu.

Jumatatu, 22 Desemba

Aibu kubwa. Niiandike upesi.

Nilienda Nkubu kwa duka la Mama Zuhura kununua sukari na majani chai. Mama Zuhura ni Mwislamu, watu wake ni wafanyabiashara wa mji wa Maua toka zamani, na Kiswahili hakukisoma, alizaliwa nacho. Nikamuuliza kama mafuta ya moto kidogo yanafaa kwa sikio la mtoto. Akauliza mtoto analia? Anatoka usaha? Nikasema sijui, mimi nimeambiwa pamba tu. Nikampa simu asome mwenyewe.

Alisoma. Akashika kaunta. Akacheka mpaka mteja mwingine akaweka beseni chini angoje.

"Mzee wangu, sikio la nani? Huyu mkwe anakuambia upambe. Upambe nyumba, kidogo tu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua nusu."

Kupamba nalijua, si kwamba silijui. Bibi harusi hupambwa. Jeneza hupambwa. Nyumba yangu ndiyo haikuingia akilini. Mwaka mzima nangoja ujumbe wa watu hawa, ukija nasoma ugonjwa.

Kisha hofu. Nilisoma tena palepale kaunta: "kukiwa na Krismasi." Kumbe hakusema siku. Ni sharti. Mwaka jana gari likigeuka pale langoni nilimsikia mtoto kwa dirisha: "Mama, kwa nini kwa guka hakuna Krismasi?" Nilijifanya natafuta kuku. Sasa zimebaki siku mbili, na nilichonacho ni roli ya pamba.

Mama Zuhura alipangusa macho akanionea huruma. Akaniambia yeye kwa Idd hupamba kwa muda wa saa mbili tu, na nyumba ina watu tisa. Siri yake: usipambe nyumba, pamba jicho. Simama mlangoni kama mgeni, uone jicho linatua wapi. Pamba hapo. Kwingine fagia tu. Rangi mbili, zisizidi. Na usitundike kitu ambacho huwezi kukitoa kabla chai haijapoa, maana sikukuu ikiisha mapambo yanayobaki ukutani yanahuzunisha kuliko ukuta mtupu.

Huyo mwanamke hana Krismasi na anaijua kuliko katekista wetu.

Nikachukua utepe mwekundu. Akaongeza baluni tatu bila kuombwa. "Za mke wako," akasema, akaanza kucheka tena. Wacha acheke. Nami njiani nilicheka, nikiwa peke yangu, mpaka mtu wa boda akaniuliza kama niko sawa.

Jumanne, 23 Desemba

Nimefanya alivyosema. Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi. Hakuna aliyeitikia, nikaingia.

Jicho likatua kwenye kalenda.

Ipo ukutani mkabala na mlango, juu ya kochi. Ya mwaka ule. Imefunguliwa Mei. Ni marehemu aliyekuwa akiifungua kila mwisho wa mwezi, na Mei hakuufikisha mwisho. Mimi napita hapo kila siku na ndoo na sijaiona. Lakini Kendi, kila Krismasi, akiingia tu mlangoni hiyo ndiyo humkaribisha. Ndiyo sababu ya mkoba mapajani. Miaka mitatu naulaumu mkoba.

Nimeibandua. Ukuta chini yake ni mweupe, mraba safi kabisa, kama ulipakwa jana. Kalenda sikuitupa. Iko chini ya godoro langu.

Sikufanya kitu tena mpaka mchana.

Mchana nikaenda kwa M'Rukaria kuomba tawi la ua wake wa saipresi. Akasema atakata mwenyewe, mimi nina mkono wa kike. Akakata kitu cha kuzuia fahali. Tukakipunguza mpaka kikafika kifuani. Nimekisimamisha ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, mawe na udongo, pale pale chini ya mraba mweupe, kando ya kochi. Nyumba imenuka msitu.

Halafu vitambaa vya makochi. Marehemu alivifuma mwenyewe, vyeupe na maua mekundu pembeni, na Desemba tu ndiyo vilikuwa vikitoka sandukuni. Nimevifua. Ikabaki wanga. Nilimwona miaka arobaini akipika ule uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuvichovya, na katika miaka yote hiyo sikuuliza ni unga kiasi gani. Niliuliza tu chakula kiko wapi.

Nimepika kwa kukisia. Vimekauka kama mabati. Kimoja kimesimama chenyewe juu ya meza. M'Rukaria aliketi juu ya kingine akaruka, akasema kochi langu linauma. Nimevirudisha majini.

Jumatano, 24 Desemba

Wanga wa pili umekubali. Kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Karimi, ungeniambia.

Nimetandaza vitambaa. Nimefunga utepe mwekundu kwenye mkebe na kwenye matawi matano, si zaidi. Halafu nikaikumbuka ile roli. Nimeichana vipande vidogo vidogo nikaviweka juu ya matawi, iwe theluji. Kwa hiyo pamba ilihitajika. Mimi sikukosea, nilitangulia. Asubuhi mlima ulikuwa wazi, nikautazama toka zizini nilinganishe. Theluji yangu ni nyingi kuliko ya mlima.

Nilidhani kuigusa kutanisumbua. Haikunisumbua. Kwenye saipresi ni kitu kingine.

Baluni: moja imepasuka, mbili zimepona. Pumzi yangu ni ya mbili. Nyekundu na nyeupe, nimezining'iniza pale ilipokuwa kalenda.

Kazi yote, kuanzia utepe mpaka kufagia, haikufika saa mbili. Marehemu alikuwa akituhangaisha wiki nzima, karatasi za rangi dari yote, mimi nimeshika gundi kama mshumaa. Siku hizo nilinung'unika. Sasa nimemaliza mapema na sina wa kunung'unikia.

Nikatoka, nikafunga mlango, nikapiga hodi, nikaingia.

Ni nzuri. Ni nzuri kweli. Nimesimama hapo nikitafuta mtu wa kumwambia. Nimewasha redio.

Alhamisi, 25 Desemba

Wameenda. Bado kuna mwanga, naandika nikiwa nje.

Walifika saa saba na nusu. Nilikaa jikoni nijifanye sina haraka. Karimi alitangulia mbio, akasimama mlangoni. Nilitoka na mwiko mkononi.

"Guka," akasema, "kumbe unayo."

"Nini?"

"Krismasi."

Nikamwambia iko hapa siku zote, ila ilikuwa imelala. Aguse, asiguse, akagusa. Akanyofoa theluji kidogo, akaiweka mfukoni. Nikamuuliza kama masikio yake yako salama. Akanitazama kama mzee amechanganyikiwa.

Njeru nilimweleza kisa cha pamba mezani, nikiwa nimenuna, nikasema Mwembu akiandika Kiswahili watu huweza kufa. Aligeuka rangi. Alianza kuomba msamaha kwa heshima zake zote. Ndipo Kendi akacheka. Alicheka kama mama yake, kwa pua kwanza. Njeru naye akacheka, mara ya kwanza mbele yangu, na nikaona ana pengo. Ni mtu mzuri. Nitaacha kumtisha, au nitapunguza.

Kendi alikuwa amekaa kwenye kochi na mkono juu ya kitambaa, anafuata maua kwa kidole. Akauliza nani alivitia wanga. Nikasema mimi. Mkoba ulikuwa chini sakafuni. Niliutazama huo mkoba kuliko nilivyotazama kuku niliyemchinja.

Saa tisa Karimi alishikwa na usingizi. Pale pale kwenye kochi, mdomo wazi, pamba kwenye ngumi. Nikafikiri imekuwa. Nilienda chumbani kukunja shuka pembeni ili nimlaze. Ile pembe iliyokuwa ikinikataa ikakubali.

Kendi alinifuata. Hakuingia. Alisimama kwenye korido, mgongo umeelekea mlango wa chumba chetu.

"Baba, usinikasirikie. Nilimwambia Njeru tutalala. Nilitaka. Lakini nikifika hapa kwenye korido, pumzi inakataa."

"Si kitu, mama."

"Nyumba umeipamba vizuri. Si nyumba. Ni mimi. Bado."

Nikasema si kitu mara ya pili. Ni kitu. Lakini alikuwa analia, na mtoto wako akilia hutafuti haki yako hapo.

Njeru alimbeba Karimi mpaka gari akiwa amelala. Hakuamka. Pamba ilidondoka kwenye kizingiti, nimeiokota.

Kwa hiyo mtoto amelala kwangu. Dakika arobaini. Njeru hakuandika uongo.

Ijumaa, 26 Desemba

Hasira.

Kwa Kendi. Kwa Njeru. Kwa mama ya Njeru ambaye hajanikosea lolote ila kuwa hai. Kwa marehemu kuliko wote, kwa kufia katika chumba chetu badala ya hospitali kama watu. Yeye ndiye alikataa kupelekwa. Alisema anataka kuona mlima. Mimi ndiye nilimkubalia, na Kendi hakunisamehe, au alinisamehe na mwili wake haukupata habari.

Nimekama kwa nguvu. Ng'ombe akanipiga teke. Haki yake.

Kwa M'Rukaria wanaimba tangu jana.

Jumapili, 28 Desemba

Mlima hauonekani leo. Nimekama polepole.

Kendi alipiga simu baada ya misa. Hakutuma ujumbe, alipiga. Alisema Karimi aliamka Kibugu akalia, akauliza ni nani ameihamisha Krismasi. Tukacheka kidogo. Kisha akauliza kama nilikula jana. Nikasema ndiyo. Akauliza nini. Nikataja. Hakuahidi kitu na sikumwomba. Pasaka haikutajwa. Nilipenda kwamba haikutajwa.

Mapambo nimeyatoa kabla chai haijapoa. Vitambaa nimevikunja. Saipresi nimempa ng'ombe anuse, akakataa.

Kilichobaki ni kile kitanda. Kimetandikwa kwa ajili ya mtu, maua juu, shuka imekunjwa pembeni tayari, na hakuna aliyekilalia. Nimepita mlango ule siku tatu. Kutandua siwezi. Ni kama kumwondolea sahani mgeni ambaye hajaigusa. Kulala humo mwenyewe pia siwezi, nimejaribu kuketi tu, nikaona aibu.

M'Rukaria leo asubuhi juu ya ua alikuwa na macho mekundu. Wajukuu wamemnyang'anya kitanda tangu tarehe ishirini na nne. Analala ghalani juu ya magunia, yeye na kiuno chake. Alinisimulia akijigamba, lakini kiuno kilikuwa kinasema kingine.

Nimefikiri juu yake chai nzima. Nitamwambia kesho nikishakama, na naandika hapa maneno kwanza ili yasinitoroke nikimwona uso:

M'Rukaria, mwaka ule mke wako alipofanyiwa upasuaji, ng'ombe wako akawa na ndama aliyegeuka tumboni, nililala zizini kwako siku mbili, juu ya majani makavu, mpaka akazaa. Ulisema nikudai chochote. Sijakudai. Sasa nakudai, na ni kitu kidogo. Nina kitanda ambacho hakijalaliwa, shuka ni safi, zina maua, usinicheke. Njoo ulale kwangu usiku mmoja. Sitakuuliza neno, wala huna haja ya kuniongelesha. Koroma tu, na mlango usiufunge.